Mwembe na Viazi Katika Ua Mmoja wa Kizota

Ukipanda daladala katikati ya mji wa Dodoma na kufuata barabara iendayo Singida, hutakaa garini muda mrefu kabla kondakta hajaita, "Kizota! Wa Kizota washuke!" Hapo mji hubadilika sura. Majengo ya ofisi yamebaki nyuma, na mbele yako kuna maghala marefu, malori yaliyopangana kando ya barabara, na vijana wenye magunia mabegani. Wengine wanaikumbuka Kizota kwa ukumbi wake mkubwa, ambamo Chama Cha Mapinduzi kilifanya mkutano wake mkuu mwaka 2012. Lakini kwa wakazi wa hapa, Kizota ni mahali pa chakula kilichohifadhiwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake hapa, na mahindi kutoka mikoa yenye neema huwekwa humo yakisubiri mwaka wa shida.

Nyuma ya maghala hayo kuna nyumba za watu. Nyuma ya nyumba kuna nyua, na katika nyua hizo akina mama wana maghala yao madogo yasiyo na kufuli. Shangazi yangu ni mmoja wao. Nilikwenda kumtembelea mwezi wa Oktoba mwaka jana, na nikakuta katika ua wake shauri ambalo nadhani litawafaa wasomaji wengi wa gazeti hili, hasa wale wanaoishi mahali penye ukame.

Ua wa shangazi

Oktoba ni mwezi mgumu Dodoma. Mji huu uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 tu. Mvua hiyo hunyesha kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo kwa miezi saba. Ukifika Oktoba, udongo mwekundu umekuwa unga, na mbuzi wanatafuna hata maboksi.

Hata hivyo, uani kwa shangazi palikuwa na kivuli. Mwembe mkubwa ulisimama katikati, majani yake ya kijani kibichi yakiwa na vumbi, na kwenye vikonyo vyake yalikuwa yananing'inia maembe machanga yenye ukubwa wa yai. Shangazi na marehemu mume wake walipata kiwanja hicho miaka ya 1980, enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017. Mumewe alikuja na kokwa la embe kutoka Tabora, akalipanda kabla hata ya kuchimba msingi wa nyumba. "Aliniambia nyumba itangoja, mti haungoji," shangazi alinisimulia.

Upande wa mashariki wa ua, chini ya tawi kubwa la mwembe huo, kulikuwa na matuta manane mafupi. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa nyuzi kavu za marando ya viazi vitamu, zimejikunja kama kamba iliyoungua. Hayo yalikuwa matuta ya mpangaji wake, mama wa watoto wawili, anayepika uji na maandazi ya kuwauzia wafanyakazi wa maghala. Amepanga vyumba viwili kwa shangazi.

Ndoo moja, mikono miwili

Jioni ile ile nilisikia kesi yao. Maji ya Dodoma kwa miaka mingi yametoka hasa kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na mji umekua haraka kuliko visima. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Katika mitaa mingi maji hutoka kwa zamu. Kwa shangazi, baada ya kupika, kufua na kuoga, maji ya kumwagilia huwa ni ndoo moja tu kwa siku. Ndoo hiyo inamwagwa wapi?

Shangazi alikuwa amenunua mche wa mwembe wa kubebesha, wa aina ya dodo, ili uanze kukua kabla ule mkubwa haujazeeka. Kwake ndoo ile ilikuwa ya mche. Mpangaji alitaka ndoo ile ile kwa marando yake, ili yasikauke kabla ya mvua. Kwa muda waligawana kimya kimya, kila mmoja akimwagia chake mwenzake asipokuwepo. Mwisho wake ukawa hasara kwa wote wawili. Marando yalikauka mwezi wa Septemba. Na mche wa shangazi, ambao haukuwekewa miiba ya kuuzunguka, uliliwa na mbuzi wa jirani siku moja mchana.

"Mama," mpangaji alimwambia shangazi tukiwa tumekaa mkekani, "naomba tawi hili la mashariki likatwe. Matuta yangu hayapati jua la asubuhi. Mwaka jana nilivuna viazi vyembamba kama vidole."

"Mwanangu," shangazi akajibu, "tawi hilo ndilo linalozaa kuliko yote. Wewe kesho utahama. Tawi likikatwa halirudi."

Mpangaji alinyamaza. Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, aliniambia kwa sauti ya chini: "Dada, mimi sina wivu na mwembe wa mama. Watoto wangu wanaula. Lakini embe haliwezi kunitoa Februari mpaka Mei. Na mpangaji hapandi mwembe. Nipande nimwachie nani?"

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Sikuona tena kwamba ni ugomvi wa maji tu. Niliona wanawake wawili, mmoja anafikiria wajukuu, mwingine anafikiria wiki ijayo, na wote wawili wana haki.

Kila mmoja na tabia yake

Hebu tuwatazame wageni hawa wawili, kwa maana wote ni wageni katika nchi yetu. Mwembe asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Ulifika pwani yetu kwa njia ya biashara ya baharini, kisha ukafuata misafara kuingia bara, ndiyo maana Tabora na Ujiji zinajulikana kwa miembe. Kiazi kitamu kilitoka Amerika, upande mwingine wa dunia, nacho kimejifanya mwenyeji kiasi kwamba ukisafiri kati ya Morogoro na Dodoma huwezi kupita Gairo bila kuona magunia yake yamepangwa barabarani.

Mwembe ukishashika ardhi, mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji. Kiangazi hakiutishi. Tena unakihitaji, kwa sababu ukavu na baridi ya Juni hadi Agosti ndivyo vinavyoufanya utoe maua. Lakini miaka miwili ya mwanzo ni mtoto mchanga: unataka maji, unataka boma la miiba, unataka jicho la mama. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ule wa kokwa huchukua miaka sita, minane, au zaidi. Na unataka nafasi, mita nane hadi kumi kutoka mti hadi mti. Kiwanja cha kawaida cha mjini kinaweza kubeba mmoja, au miwili ukibana.

Kiazi kitamu ni kinyume chake. Hakiombi miaka, kinaomba miezi mitatu hadi mitano. Unakata rando la urefu wa sentimita 30 hivi, unafukia theluthi mbili yake kwenye tuta, unaacha sentimita 30 kabla ya rando linalofuata. Baada ya mwezi mmoja na kidogo unaanza kuchuma matembele ya mboga, bila kuvuna pupa ili mizizi isikose chakula. Kikiiva, ni mlo kamili na si kitafunwa. Gramu 100 za kiazi kitamu zina nguvu ya kama kalori 86, na embe kama 60.

Lakini kiazi nacho kina udhaifu wake. Kinapenda jua, kivulini kinatoa majani mengi na mizizi michache. Ardhi ikipasuka kwa ukavu, fukusi huingia kwenye nyufa na kutoboa viazi vikawa vichungu, hata nguruwe akavikataa. Dawa yake ni kupandishia udongo kwenye tuta kila unapoona ufa, kuvuna mapema, na kutorudia tuta lile lile mwaka unaofuata. Mwembe nao una adui, nzi wa matunda, ambaye mafunza yake huozesha embe kutoka ndani. Yaliyoanguka yasiachwe chini. Yaokotwe kila siku na kufukiwa shimoni.

Kuhusu afya ya watoto, hapa wengi wetu tunakosea. Embe lililoiva lina rangi ya njano kwa sababu lina asili ya vitamini A, ile inayolinda macho na kuupa mwili wa mtoto nguvu ya kupigana na magonjwa. Kiazi cheupe tulichozoea karibu hakina kabisa. Lakini kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, kinachoitwa kiazi lishe, kinayo kwa wingi. Gramu 125 tu, kiazi kimoja kidogo, zinamtosha mtoto wa chini ya miaka mitano kwa siku nzima. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba theluthi moja ya watoto wadogo wa Tanzania walikuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao walikuwa wametumikia viazi hivyo vya rangi ya chungwa katika Afrika. Mmoja wao ni Robert Mwanga, mwana wa Uganda. Mbegu zake zipo Tanzania, kama Kabode, Mataya na Kiegea. Tia mafuta kidogo au karanga katika chakula, maana vitamini hii haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Kalenda ya njaa

Hata hivyo, jambo kubwa nililojifunza Kizota si la vitamini. Ni la kalenda.

Ugogo inaijua njaa kwa majina. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa kuu ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, wakati majeshi ya pande mbili yalipopita nchini yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosa. Lakini kuna njaa nyingine ndogo isiyo na jina, inayorudi kila mwaka. Ni ile ya kuanzia Desemba hadi Machi, wakati uwele na mtama wa mwaka uliopita umekwisha na ule wa mwaka huu bado uko shambani. Mjini njaa hii huvaa nguo nyingine: ni bei ya unga kupanda, ada za shule Januari, na biashara ndogo kudorora kwa sababu ya mvua.

Nilimwomba shangazi na mpangaji wake wanihesabie miezi kwa vidole. Shangazi alisema mwembe wake huivisha kuanzia Novemba hadi Januari. Watoto wanakula, mengine anauza kwenye beseni mbele ya nyumba, na fedha hizo ndizo alizosomeshea mwanawe wa mwisho sare na madaftari. Mpangaji alisema akipanda marando mvua za kwanza za Desemba, Januari mwishoni anachuma matembele, na Aprili au Mei anavuna viazi.

Tukatazamana. Mwembe unashika Novemba, Desemba na Januari. Matembele yanashika Februari na Machi. Viazi vinashika Aprili na Mei. Ukivikata vipande na kuvikausha, kama wafanyavyo mama zetu wa Tabora na Shinyanga wanaotengeneza michembe na matobolwa, unasogea mpaka katikati ya kiangazi. Vile vya rangi ya chungwa vikaushe kivulini penye upepo, jua kali linapunguza vitamini yake. Basi mti na mtambaazi havikuwa vikigombania mwaka. Vilikuwa vimegawana mwaka, kama wake wa ndugu wawili wanaopokezana zamu jikoni. Vilichogombania ni ndoo ya Septemba na Oktoba tu, na jua la asubuhi.

Mbegu ndani ya mchanga

Kwa upande wa ndoo, dawa ilipatikana kwa mama mmoja wa ushirika wao wa Jumatano. Yeye alijifunza kwa ndugu zake wa kanda ya ziwa, ambako mafunzo hayo yalipitia. Akasema: "Ninyi mnahangaika kumwagilia marando miezi saba. Kwa nini msilaze mbegu?"

Njia yenyewe ni rahisi, na naiandika hapa ili msomaji aikate na kuiweka. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo na vya kati visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Viache siku moja au mbili kivulini. Chukua beseni au karai, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, panga tena, mpaka beseni lijae. Liweke ndani ya nyumba mahali pa baridi, panya wasipofika. Usimwage hata tone la maji. Kila mwezi chungulia, ukikuta kilichooza kiondoe, na yale machipukizi yanayojitokeza mapema yavunje. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, kwa Dodoma ni mwanzoni mwa Oktoba, vitoe na kuvipanda katika kitalu kidogo karibu na bafu au jiko, na hapo ndipo uanze kumwagilia. Kiazi kimoja kilichotunzwa vizuri kinaweza kutoa marando kama 40. Beseni moja la viazi 40 linatosha kupanda matuta yako na ya majirani.

Mpenzi msomaji, umeona hesabu yake? Badala ya kumwagilia miezi saba, unamwagilia miezi miwili. Ile miezi mitano inayobaki, ndoo ni ya mche wa mwembe. Na mche wenyewe una njia ya kubana maji: chimba shimo la kina na upana wa sentimita 60, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, uache bonde kuzunguka shina, na utandaze nyasi kavu juu yake. Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni, yasimwagwe njiani.

Kwa mwaka ule mpangaji alikuwa amechelewa, hakuwa na kiazi hata kimoja cha kulaza. Mama yule wa ushirika alimpa marando ya kiazi lishe kutoka kitaluni kwake mvua zilipoanza. Lakini la tawi lilikuwa bado.

Mwenye nyumba na mpangaji

Usiku kabla sijaondoka tulifanya ibada ndogo uani. Shangazi aliniomba nisome, nikafungua Yeremia 29, ile barua ambayo nabii aliwapelekea watu waliohamishwa kwenda Babeli. Watu wale walikuwa wapangaji hasa. Ardhi haikuwa yao, na mioyo yao ilikuwa imekwisha kurudi Yerusalemu. Lakini nabii hakuwaambia wakae na mizigo yao imefungwa. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wauombee mji ule amani, kwa sababu katika amani ya mji huo wao nao wangepata amani.

Mpangaji aliuliza, "Kwa hiyo hata mpangaji apande?"

Shangazi akasema polepole, "Na mwenye ardhi ampishe."

Tuliendelea kuzungumza. Nikawakumbusha sheria ya Walawi 19, kwamba mtu akipanda mti wa matunda katika nchi ya ahadi, miaka mitatu hali, mwaka wa nne matunda yote ni ya Bwana, na mwaka wa tano ndipo anakula. Shangazi alicheka, akasema Musa lazima alijua miembe. Ni kweli kwamba mti unatufundisha kungoja. Lakini Mungu huyo huyo aliyetaka watu wangojee mti, alijua pia kwamba maskini na mgeni wanakula leo, ndiyo maana aliagiza pembe za shamba zisivunwe, waachiwe wao. Na nabii Mika alipotaka kuonyesha siku ya amani, hakuchagua kati ya mti na mtambaazi. Alimweka mtu chini ya mzabibu wake na chini ya mtini wake, vyote viwili, na hakuna wa kumtia hofu. Sisi wa Dodoma mizabibu tunayo. Mtini wetu ni mwembe.

Asubuhi yake nilisikia mlio wa panga na msumeno. Shangazi alikuwa amemwita kijana wa jirani. Hakukata tawi lote. Alikata matawi madogo ya pembeni na ya ndani, yale yaliyosongamana yasiyozaa, mpaka jua likapenya na kuanguka juu ya matuta. Bwana shamba yeyote angemwambia kwamba mwembe uliopunguzwa hivyo hupata hewa na huzaa vizuri zaidi, ingawa kazi hiyo ingefaa zaidi baada ya mavuno. Lakini kwa miaka mingi shangazi hakuwa radhi panga liguse mti wa marehemu. Nilimwona akisimama kando, amejifunika kanga, akiokota yale maembe machanga yaliyoanguka. Jioni aliyatengenezea achari.

Nilirudi mwezi wa Mei

Mwaka huu nilirudi Kizota mwezi wa Mei. Mtaa ulikuwa na harufu ya majani makavu, na majirani walisalimiana "Mbukwenyi!" kwa furaha ya watu waliovuna chochote. Mvua haikuwa nyingi. Ilikatika Februari kwa wiki tatu. Mahindi ya wengi yalikuwa yameungua. Matuta manane ya mpangaji yalikuwa yametoa madebe matatu ya viazi vya rangi ya chungwa. Si utajiri. Lakini alikuwa amekula matembele tangu Januari bila kununua mboga, na kila asubuhi wafanyakazi wa maghala walikuwa wakinunua kwake kiazi cha kuchemsha pamoja na uji. Mdogo wake aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo alipendelea kiazi kilichopondwa na karanga kuliko chakula chochote.

Tulipokula tulikula ugali wa uwele kwa matembele ya karanga. Yatayarishwe hivi: chuma majani laini na vikonyo vyake, osha kabla ya kukata, yachemshe kwa maji kidogo dakika tano tu, tia nyanya na kitunguu, kisha karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji ya vuguvugu. Koroga moto ukiwa mdogo mpaka yashikane. Chumvi mwishoni.

Baada ya chakula mpangaji alinionyesha chumbani kwake. Chini ya kitanda palikuwa na karai kubwa lililojaa mchanga, na ndani yake mbegu zimelala. Kando ya mlango, ndani ya kopo la mafuta lililotobolewa, ulisimama mche wa mwembe wenye urefu wa goti. Ulitoka kwenye kokwa la mti wa shangazi, na kijana yule wa jirani alikuwa ameubebesha kikonyo cha mti ule ule.

"Tumepata kiwanja Nala," aliniambia. Nala iko mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo ya Singida. "Bado hakina hata msingi. Tutahamia vyumba viwili vikisimama. Lakini mama amesema nyumba itangoja, mti haungoji. Nitaupanda mvua za kwanza."

"Na viazi?" nikamuuliza.

"Viazi vinakwenda na beseni lao, dada. Mwembe utanihitaji miaka. Hao ndio watakaonilisha nikiungoja."

Nilimwuliza shangazi kama hahuzuniki kumpoteza mpangaji mzuri. Alinionyesha kona ya ua. Ule mche mpya alioununua badala ya ule ulioliwa na mbuzi ulikuwa umezungushiwa miiba, majani yake mapya yakiwa mekundu na laini kama masikio ya mtoto. "Huyo binti ndiye aliyeuzungushia," akasema. "Aliupanda kwa mkono wake siku ya mvua ya kwanza. Akija mpangaji mwingine, nitamwambia matuta ni yake, na miiba asiiguse."

Akina mama wenzangu, wengine wetu tuna ardhi na wengine hatuna. Mwenye ardhi, panda mti, maana mti wa kudumu hata katika fidia unahesabiwa, na wajukuu watakukumbuka. Lakini acha jua kidogo lipite kwa ajili ya anayeishi nawe. Usiye na ardhi, usikae na mizigo imefungwa. Omba tuta, omba rando, laza mbegu yako mchangani. Na ukila embe tamu msimu huu, kokwa usilitupe jalalani. Litie kwenye kopo, kwa kuwa hujui Bwana atakufungulia kiwanja chako lini.